Uchakavu na amotizesheni kwenye hesabu za kampuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye kampuni, wanahisa, wajumbe wa bodi na makarani wa hesabu wa Unguja na Pemba: wenye boti, nyumba za wageni, mashamba na maduka ya jumla. Majibu yanafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, ambayo ni ya Muungano na inatumika Zanzibar pia. Tarakimu za mifano ni za kubuni, kwa shilingi.

Uchakavu ni nini hasa?

Ni kuigawa gharama ya kitu cha kudumu kwenye miaka ambayo kitu hicho kitaitumikia kampuni. Ukinunua jenereta kwa milioni 40, hukuila yote siku hiyo. Utaila kidogo kidogo kwa miaka sita. Ukiandika milioni 40 zote kuwa matumizi ya mwaka wa kununua, mwaka huo utaonekana wa hasara, mitano inayofuata itaonekana ya neema, na hapatakuwa na hata mmoja uliosema kweli.

Neno lenyewe linapotosha kidogo. Mtaani kitu kilichochakaa ni kile kilichopauka au kuliwa na kutu. Kwenye hesabu, hata kompyuta inayong'aa inachakaa, kwa sababu itapitwa na wakati. Wala uchakavu haupimi bei ya sokoni. Hesabu zikisema boti yako imebaki milioni 30, hazisemi kwamba yuko mtu Malindi atakayekupa milioni 30. Zinasema kwamba katika gharama uliyoitoa, milioni 30 bado hazijapelekwa kwenye matumizi.

Na amotizesheni?

Kazi ni ile ile, lakini kwa mali zisizoshikika: programu ya kompyuta uliyoinunua, leseni ya miaka kadhaa, haki ya kutumia jina la biashara la mtu mwingine. Wapo wanaoiita kufuta gharama kidogo kidogo, na si vibaya. Tofauti za kiutendaji ni mbili. Mali isiyoshikika kwa kawaida huchukuliwa kuwa haina thamani ya mabaki, kwa hiyo unagawa gharama nzima. Pili, muda wake aghalabu unaamuliwa na karatasi, yaani mkataba au leseni, hali muda wa boti unaamuliwa na maji ya chumvi.

Benki wamenipa karatasi ya "amotizesheni ya mkopo". Ndiyo hiyo hiyo?

Siyo. Ile ni ratiba ya marejesho: kila rejesho limegawanywa sehemu ya riba na sehemu ya deni lenyewe. Riba inakwenda kwenye matumizi, na deni lenyewe linapungua kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kampuni. Jina limefanana tu. Kosa linaloonekana mara nyingi ni la mtu aliyenunua gari kwa mkopo akaandika marejesho yote ya mwezi kuwa matumizi, kisha akaweka na uchakavu wa gari juu yake. Amelihesabu gari mara mbili.

Je, uchakavu ni fedha tunayoweka akiba ya kununulia kitu kipya?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mwisho wa mwaka mhasibu anaandika mistari miwili: anadebiti gharama ya uchakavu, anakrediti limbikizo la uchakavu, yaani jumla ya uchakavu ulioandikwa hadi sasa. Hakuna shilingi iliyotoka benki wala iliyoingia. Limbikizo la uchakavu la milioni 200 si kibubu chenye milioni 200 ndani. Bodi ikitaka fedha ya kununulia mashine mpya, ni lazima iitenge kweli, kwenye akaunti yake.

Ndiyo maana taarifa ya mtiririko wa fedha, ikiandaliwa kwa njia ya kuanzia kwenye faida, huurudisha uchakavu: faida milioni 20, jumlisha uchakavu milioni 11, kisha marekebisho mengine. Uchakavu haujaleta fedha hapo. Ulipunguza faida bila kugusa fedha, sasa unatolewa njiani.

Ili kukokotoa, ninahitaji nini?

Vitu vinne: gharama, thamani ya mabaki (utakayotarajia kuipata mwisho wa safari), muda wa matumizi, na njia ya kugawa.

Gharama ndiyo inayoharibiwa zaidi. Inajumuisha bei ya kununua, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani kama huwezi kuidai, nauli ya meli, upakuzi bandarini, msingi wa zege, fundi wa kufunga, na majaribio ya kuhakikisha kinafanya kazi. Haijumuishi mafunzo ya wafanyakazi, tangazo la redio, hafla ya uzinduzi wala mishahara ya ofisi. Mtu anayeandika bei ya risiti ya duka peke yake, akaitupa nauli kwenye "usafiri", anaipunguza mali na kuuonea mwaka wa kwanza.

Njia zipi za kugawa zipo, na nichague ipi?

Tuchukue ile jenereta: gharama 40,000,000, mabaki 4,000,000, miaka 6.

Kwa mafungu sawa, 36,000,000 inagawanywa kwa 6, na kila mwaka ni 6,000,000. Ni rahisi, na kwa majengo, samani na mali nyingi za ofisi inatosha kabisa.

Kwa salio linalopungua, asilimia inakatwa kwenye kilichobaki. Kwa asilimia 25, mwaka wa kwanza ni 10,000,000, wa pili 7,500,000, wa tatu 5,625,000, na salio linakuwa 16,875,000. Inafaa kwa vitu vinavyotoa kazi nyingi vikiwa vipya na kudai matengenezo mengi vikizeeka. Zingatia kwamba hapa mabaki hayatolewi kwanza. Ni asilimia yenyewe inayotakiwa kuchaguliwa ili salio lifike karibu na mabaki.

Kwa kiasi cha kazi, unakadiria saa. Tuseme jenereta itatoa saa 18,000 kwa umri wake: 36,000,000 kwa 18,000 ni shilingi 2,000 kwa saa. Mwaka wa saa 2,400 unabeba 4,800,000. Kwa jenereta ya hoteli, ambayo hufanya kazi umeme ukikatika tu, hii ndiyo njia yenye akili kuliko zote, na mita ya saa ipo tayari kwenye mashine. Tatizo ni nidhamu: asipokuwapo mtu wa kuandika mita kila mwisho wa mwezi, utaishia kukisia.

Njia moja haikubaliki. Tangu 2016 IAS 16, kiwango cha kimataifa cha mali za kudumu kama mashine na majengo, kinakataza kugawa uchakavu kwa kufuata mapato. Huwezi kusema mwaka huu watalii walikuwa wachache, basi uchakavu uwe mdogo. Mapato yanapanda na kushuka kwa sababu ya bei na soko, mambo ambayo hayahusiani na kuliwa kwa mashine.

Tunaanza lini?

Siku ambayo kitu kiko tayari kwa kazi, mahali pake na katika hali iliyokusudiwa. Siku ya kulipa haihusiki, wala siku ya kwanza kutumika. Jenereta imeshuka bandarini tarehe 10 Agosti, imefungwa na kujaribiwa, na imekuwa tayari tarehe 1 Oktoba. Mwaka wa kampuni unaisha 31 Desemba. Uchakavu ni wa miezi mitatu: 1,500,000.

Hoteli inafungwa wakati wa masika. Uchakavu nao unafungwa?

Haufungwi. Aprili na Mei vyumba viko wazi lakini viyoyozi vinaendelea kuliwa na unyevu na chumvi, na umri wa samani unakwenda. Kwa mafungu sawa au salio linalopungua, kitu kikikaa bure kinaendelea kuchakaa hesabuni. Unasimama kwa sababu chache tu: kitu kimeuzwa au kutupwa, kimewekwa rasmi kwenye kundi la mali zinazosubiri kuuzwa, au thamani ya mabaki imefikia au kupita thamani iliyobaki kitabuni. Anayetumia njia ya kiasi cha kazi anaweza kupata sifuri kwa mwezi usio na kazi, na hiyo ni halali.

Boti yetu tuiandike kitu kimoja?

Usifanye hivyo kama sehemu zake zina umri tofauti na kila moja ni ya thamani kubwa. Boti ya faiba ya kupeleka wageni Mnemba imegharimu 90,000,000. Ndani yake:

Bodi ya boti, yaani chombo chenyewe, ni 54,000,000, miaka 12, mabaki 6,000,000. Uchakavu 4,000,000 kwa mwaka.

Mashine mbili ni 30,000,000, miaka 5, mabaki 5,000,000. Uchakavu 5,000,000.

Redio, maboya, kivuli na vifaa vingine ni 6,000,000, miaka 3, bila mabaki. Uchakavu 2,000,000.

Jumla 11,000,000 kwa mwaka. Sasa iandike boti kuwa kitu kimoja cha miaka 12 chenye mabaki ya 11,000,000: uchakavu unakuwa 6,583,333. Faida imepanda kwa zaidi ya milioni 4.4 kila mwaka, wenye hisa wamegawana, na mwaka wa tano mashine zimekufa zikiwa bado na thamani kubwa kitabuni. Mashine za boti zinazofanya safari kila siku kwenye maji ya chumvi haziishi miaka 12, na nahodha yeyote wa Nungwi atakwambia hivyo bila kufungua kitabu cha uhasibu.

Meli na vyombo vikubwa vina sehemu nyingine: ukaguzi na matengenezo makubwa ya kupandisha chombo chelezoni. Gharama hiyo, ikiwa ni ya kila baada ya muda maalumu, inaandikwa kuwa mali na kugawanywa hadi chelezo ijayo. Kupiga rangi ya kawaida na kubadilisha oili ni matumizi ya papo hapo.

Ardhi inachakaa?

Ardhi yenyewe haichakai, na jengo linachakaa. Ndiyo maana ukinunua vyote pamoja lazima uvitenganishe. Lakini Zanzibar jibu linahitaji kwenda mbali zaidi, kwa sababu ardhi ni ya umma na mwekezaji anakuwa na mkataba wa ukodishaji wenye tarehe ya mwisho. Ulichonacho ni haki ya kutumia ardhi, na haki yenye mwisho inagawanywa. Chini ya IFRS 16, kiwango cha mikataba ya ukodishaji, haki hiyo inaandikwa kwenye mizania na kuchakazwa kwa muda wa mkataba. Kampuni inayofuata kiwango cha IFRS kwa kampuni ndogo na za kati mara nyingi itaandika kodi hiyo kuwa matumizi kwa mafungu sawa.

Jambo linalosahauliwa ni jengo lililo juu ya ardhi hiyo. Tuseme mkataba ni wa miaka 33, na hoteli inamalizika kujengwa ikiwa imebaki miaka 28. Jengo limegharimu 1,400,000,000 na mhandisi anasema litasimama miaka 40. Ukigawa kwa 40 unapata milioni 35 kwa mwaka. Lakini kama hakuna uhakika wa kutosha wa kuongezewa mkataba, jengo litakutumikia miaka 28 tu, na uchakavu ni milioni 50. Tofauti ni milioni 15 kila mwaka. Ukiona hoteli ya pwani inachakaza jengo kwa miaka 50 juu ya mkataba wa 33, uliza wanategemea nini.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe inapanda bei kila mwaka. Kwa nini tuichakaze?

Kwa sababu kupanda bei na kuliwa ni mambo mawili. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinanyonya maji, boriti zinaoza, na paa lina umri wake. Uchakavu unasimama pale tu mabaki yanapofikia thamani ya kitabuni, na mabaki yanakadiriwa kwa bei ya leo ya nyumba yenye umri na hali itakayokuwa nayo mwisho wa matumizi.

Ukitaka bei mpya ionekane, kuna njia halali: kuthaminisha upya. Ongezeko linakwenda kwenye akiba ya uthamini ndani ya mtaji, halipiti kwenye faida ya mwaka, na lazima uthaminishe kundi zima la majengo, siyo lile moja lililopanda. Baada ya hapo uchakavu unakua, kwa sababu sasa unagawa thamani kubwa zaidi. Wengi wanaoomba uthamini mpya hawajaambiwa sehemu hiyo.

Tuna shamba la mikarafuu Pemba. Mikarafuu ni mali ya kudumu?

Ndiyo, tangu 1 Januari 2016. Kabla ya hapo miti yote iliandikwa chini ya kiwango cha kilimo, IAS 41, kwa thamani ya soko. Mabadiliko yaliyoanza 2016 yaliihamisha mimea inayozaa mwaka baada ya mwaka, ambayo haikuzwi ili kuuzwa yenyewe, kwenda IAS 16 pamoja na mashine na majengo. Mkarafuu umo, mnazi umo, mchungwa umo. Mhogo haumo, kwa sababu ukiuvuna umeung'oa. Mnazi ukizeeka ukauuza mbao, haupotezi sifa. Mauzo ya mabaki namna hiyo yanaruhusiwa.

Utendaji wake ni huu. Gharama za miche, kuchimba mashimo, kivuli na palizi zinakusanywa kwenye mali hadi miti ianze kuzaa kwa kiwango cha biashara, jambo linalochukua miaka kadhaa kwa mkarafuu. Katika kipindi hicho hakuna uchakavu. Ikianza kuzaa, unagawa. Miti 200 iliyogharimu 24,000,000, kwa miaka 40, ni 600,000 kwa mwaka. Mti ukifa, ondoa sehemu yake: gharama ya 120,000 ukitoa uchakavu ulioshalimbikizwa.

Karafuu zilizo juu ya mti bado ziko chini ya IAS 41, na zinapimwa kwa thamani ya soko ukitoa gharama za kuuza. Zikishachumwa zinakuwa bidhaa ghalani. Mti mmoja, viwango vitatu. Karani asipewe lawama akichanganyikiwa mara ya kwanza.

Na kwa kuwa mkarafuu una mwaka wa neema na mwaka mkavu, wengine hutaka uchakavu ufuate mauzo. Hilo limekwishakatazwa. Kufuata kilo zinazotarajiwa kunaruhusiwa kinadharia, ila nani atakadiria kilo za miaka 40? Tumia mafungu sawa.

Miaka ya matumizi tunaitoa wapi?

Isitoke kwenye jedwali la kodi, wala kwenye hesabu za kampuni ya Dodoma. Kiyoyozi kinachoishi miaka 10 bara kinaweza kufa kwa miaka 4 hatua hamsini kutoka ufukweni Paje. Anzia kwenye rekodi zako mwenyewe: kilichopita kiliishi miaka mingapi? Muulize fundi. Angalia sera ya kampuni ya kubadilisha vitu, ukomo wa mkataba, na upatikanaji wa vipuri.

Viwango kamili, yaani vile visivyo vya kampuni ndogo na za kati, vinataka miaka na mabaki viangaliwe upya angalau kila mwisho wa mwaka. Tuseme jenereta yetu, baada ya miaka miwili kwa mafungu sawa, imebaki 28,000,000 kitabuni. Fundi anasema chumvi imeingia. Imebaki miaka 2 badala ya 4, na mabaki hayatazidi 2,000,000. Uchakavu mpya ni 26,000,000 kwa 2, yaani 13,000,000 kwa mwaka, kuanzia sasa. Miaka iliyopita haiguswi, kwa sababu makadirio yale yalikuwa sahihi kwa habari za wakati ule. Kurudi nyuma ni kwa makosa tu, mfano mtu alisahau sifuri.

Kwa nini TRA hawaukubali uchakavu wetu?

Kwa sababu sheria ina ratiba yake. Wewe una hiari ya kuchagua miaka. Sheria haitaki kila mlipakodi ajichagulie kodi yake. Jedwali la Tatu la Sheria ya Kodi ya Mapato linagawa mali kwenye madaraja, na yanayogusa biashara nyingi za visiwani ni haya:

Daraja la 1, asilimia 37.5 ya salio: kompyuta, magari madogo, mabasi ya abiria chini ya 30, magari ya mizigo ya chini ya tani 7, mitambo ya ujenzi.

Daraja la 2, asilimia 25 ya salio: mabasi makubwa, malori mazito, meli na vyombo vya majini, ndege, mitambo ya viwandani.

Daraja la 3, asilimia 12.5 ya salio: samani na vifaa vya ofisi, na kila kisichokuwa na daraja lake.

Daraja la 5, asilimia 20 kwa mafungu sawa: majengo na miundo ya kudumu ya kilimo, mifugo na ufugaji wa samaki. Daraja la 6, asilimia 5 kwa mafungu sawa: majengo mengine. Mali zisizoshikika, daraja la 7, zinagawanywa kwa muda wake.

Viwango na masharti hurekebishwa kwa Sheria ya Fedha, kwa hiyo soma ya mwaka unaoukokotolea.

Utaratibu: chukua faida ya hesabu, rudisha uchakavu wote ulioandika, kisha toa posho ya kodi, yaani uchakavu unaoruhusiwa na sheria kwa asilimia hizo. Gari ya mizigo ya tani 3 imenunuliwa 60,000,000. Vitabuni, miaka 5, mabaki 10,000,000: uchakavu 10,000,000. Kwa kodi, asilimia 37.5: 22,500,000. Faida ya mwaka ikiwa 50,000,000, faida ya kutozwa kodi ni 50,000,000 jumlisha 10,000,000 toa 22,500,000, yaani 37,500,000. Kwa kiwango cha asilimia 30 kodi ni 11,250,000.

Usifurahi sana. Ile tofauti ya 12,500,000 itajirudi miaka ya mbele posho ikipungua, na kodi yake, 3,750,000, inaandikwa kwenye mizania kuwa kodi iliyoahirishwa. Wanaosahau mstari huo hushangaa baada ya miaka mitatu kodi inapopanda na faida iko pale pale.

Programu ya kuhifadhia vyumba tunalipia kila mwezi. Ni mali isiyoshikika?

Siyo. Ukilipia kutumia programu iliyoko kwenye kompyuta za mwenye programu huko aliko, umenunua huduma, na ni matumizi ya mwezi huo. Kamati ya tafsiri ya viwango ililieleza hili mwaka 2021: hata gharama ya kuipanga programu hiyo ifae hoteli yako kwa kawaida ni matumizi. Ukinunua leseni ya kuiweka kwenye kompyuta zako kwa miaka 4 kwa 16,000,000, hiyo ni mali, na amotizesheni ni 4,000,000 kwa mwaka.

Leseni ya biashara ya mwaka mmoja ni malipo ya awali, hayo tu.

Jina letu ni kubwa kisiwa kizima. Tuliweke kwenye mizania?

Jina ulilolijenga mwenyewe haliandikwi, liwe kubwa namna gani. Ukinunua biashara ya mtu kwa bei inayozidi thamani ya mali zake ukitoa madeni, ziada hiyo ndiyo thamani ya jina zuri. Chini ya viwango kamili haina amotizesheni. Inapimwa kila mwaka kama imeporomoka. Chini ya kiwango cha kampuni ndogo na za kati inagawanywa kwa muda wake, na usipoweza kuukadiria kwa uhakika, usizidi miaka 10.

Mashuka, sahani na vijiko?

Weka kiwango kwenye sera, mfano kila kitu cha chini ya 500,000 ni matumizi, na ukifuate kila mwaka. Kubadilisha kiwango mwaka ambao faida ni ndogo ni jambo mkaguzi analiona haraka.

Mimi ni mwanahisa, siyo mhasibu. Niangalie wapi?

Usiishie kwenye mstari mmoja wa taarifa ya mapato. Nenda kwenye maelezo ya hesabu, tafuta jedwali la mali za kudumu. Lina gharama mwanzo wa mwaka, zilizoongezwa, zilizouzwa, uchakavu wa mwaka, limbikizo na thamani ya kitabuni. Fanya mambo matatu.

Gawa limbikizo kwa gharama. Mashine za 800,000,000 zenye limbikizo la 680,000,000 zimeliwa asilimia 85. Ama kampuni itahitaji fedha nyingi karibuni, ama miaka waliyochagua ni mifupi kupita kiasi.

Linganisha zilizoongezwa na uchakavu wa mwaka. Kampuni inayochakaza milioni 100 na kununua milioni 10, mwaka wa tatu mfululizo, inakula mbegu.

Kisha soma sera ya uchakavu ya mwaka huu kando ya ya mwaka jana. Miaka ikirefushwa, faida imepanda bila mteja hata mmoja kuongezeka. Inaweza kuwa na sababu nzuri, lakini sababu hiyo iandikwe.

Ukionyeshwa EBITDA, yaani faida kabla ya riba, kodi, uchakavu na amotizesheni, kumbuka kwamba kwa kampuni ya boti hiyo ni faida ya biashara ambayo mashine zake hazizeeki.

Boti imegonga mwamba. Tunasubiri mwisho wa mwaka?

Hapana. Kukiwa na dalili ya kuporomoka kwa thamani, kama ajali, moto au njia kufungwa, pima sasa: linganisha thamani ya kitabuni na kile kinachoweza kupatikana kwa kuiuza au kuendelea kuitumia, chukua kikubwa kati ya hivyo viwili. Kitabu kikizidi, tofauti ni hasara ya papo hapo, na uchakavu unaofuata unagawa kilichobaki. Fidia ya bima inaandikwa mbali, kwa wakati wake. Usiifiche hasara ndani yake.

Tukiuza?

Mashine za boti: gharama 30,000,000, miaka mitatu imepita, limbikizo 15,000,000. Kitabuni 15,000,000, zimeuzwa 12,000,000. Debiti benki 12,000,000, debiti limbikizo 15,000,000, debiti hasara ya mauzo 3,000,000, krediti mashine 30,000,000. Wanaoandika 12,000,000 kuwa mapato na kuziacha mashine kwenye daftari huendelea kuchakaza kitu ambacho kiko kwenye boti ya mwingine.

Kimekwisha hesabuni lakini bado kinafanya kazi. Tukianzishie uchakavu upya?

Huruhusiwi. Gharama imekwisha kuliwa. Kiache kwenye daftari la mali za kudumu, gharama na limbikizo lake, hadi kitakapouzwa au kutupwa, na kihesabiwe kwa macho kila mwaka kama vingine. Vikiwa vingi vya namna hiyo, makadirio yako ya miaka ni mafupi. Rekebisha kwa vile ambavyo bado vina salio.